Mama wa Bodi

Kijiwe chetu hapa Maretadu kiko kwenye kona ya mashine ya kusaga, na benchi lake ni mbao mbili za mkaratusi zilizopigiliwa juu ya magogo. Asubuhi baridi inang'ata masikio, Alfredi anakuja na birika la kahawa yenye tangawizi, na sisi tunakuja na makoti na maneno. Upande wa barabarani anakaa Profesa, jina lake halisi Tito, aliyeishia kidato cha pili lakini hakuna elimu asiyoijua. Katikati ni pa Mheshimiwa, yaani mzee Maximilian, mwenyekiti wa bodi ya hosteli ya wasichana. Hosteli hiyo ilijengwa na jumuiya ya wazazi ili mabinti wa mbali wasome sekondari bila kukata pori kila siku. Pembeni yake ni Patriki, tunamwita Tingo, alipigia debe basi miaka mingi na mpaka leo anaongea kama ananing'inia mlangoni. Mimi wananiita Kwanini, na sioni haja ya kueleza kwanini. Siku hiyo Mheshimiwa alifika simu ikiwa mkononi, imefunguliwa kabisa, maana picha ya bodi mpya ilikuwa imerushwa kwenye grupu la wazazi na alitaka tuione.

Mheshimiwa: Tazameni wenyewe. Suti, tai, geti limepakwa rangi. Hiyo ndiyo bodi.

Profesa: Mmependeza. Mnafanana na timu ya maveterani.

Alfredi: Mke wangu aliiona jana, akaniuliza ni msiba wa nani.

Mimi: Mheshimiwa, hapo juu ya geti pameandikwaje?

Mheshimiwa: Hosteli ya Wasichana. Kwani hujui kusoma?

Mimi: Najua, ndiyo maana nauliza. Wanaume tisa, mwanamke hata mmoja hakuna. Kwanini?

Tingo: Haya, huyu ameanza.

Sikuuliza kwa ubaya. Mheshimiwa ni mtu mwema, amehangaikia ile hosteli kuliko hata shamba lake la maharage. Ila picha ile ilinikaa machoni na nilitaka kujua ilitokeaje.

Profesa: Mbona liko wazi? Wanawake hawaombi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mimi: Mwanamke wa hapa anainama kutwa. Shambani kainama, jikoni kainama, kisimani kainama. Ainame mpaka afike wapi?

Profesa: Methali haiulizwi maswali, kaka. Inaitikiwa.

Mimi: Mheshimiwa, wewe uliomba?

Mheshimiwa: Mimi niliombwa.

Mimi: Na nani?

Mheshimiwa: Na bodi iliyopita.

Mimi: Ambayo ilikuwa ya kina nani?

Alfredi akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kwenye sahani. Mheshimiwa akavuta koti lake vizuri.

Mheshimiwa: Msituonee bwana. Awamu iliyopita tulikuwa na mama, Philomena. Tena tukampa na idara kabisa, mjumbe wa viburudisho.

Mimi: Alichangia nini?

Mheshimiwa: Pilau. Na kuku wa kienyeji. Mpaka leo wajumbe wanaitaja.

Mimi: Kwenye kikao, nauliza.

Mheshimiwa: Vikao alihudhuria vyote. Alikuwa jikoni, ukuta mmoja tu na sisi. Ikifika kupiga kura, tunamgongea dirishani.

Tingo: Sasa anajuaje kura yenyewe ni ya nini?

Mheshimiwa: Anauliza, "Wenzangu mmesemaje?" Tunamwambia. Anasema sawa. Umoja ni nguvu.

Mimi: Yuko wapi sasa?

Mheshimiwa: Kahamia Dongobesh kwa mwanawe. Alisema amechoka. Sijui amechoka na nini, wakati kazi ya kuamua tulimfanyia sisi.

Tingo alikuwa anatikisa kichwa muda wote, dalili kwamba kuna neno limempanda na lisipotoka atapasuka.

Tingo: Mnazunguka bure. Tatizo ni jina. Bodi ni nini? Bodi ni ya gari! Yale mabati ya nje. Unayapaka rangi, unaandika "Subira", kila mtu anayaona. Sasa gari linatembea kwa bodi?

Profesa: Kwa injini.

Tingo: Enhee! Injini ndiyo wanawake. Umeona wapi mtu katoa injini akaipachika kwenye bodi? Mvua itainyeshea, vumbi litaingia, imekwisha. Kwa hiyo sisi siyo kwamba tunawabagua. Tunawafunika.

Mimi: Na dereva ni nani?

Tingo akapuliza kahawa yake, ambayo ilikuwa imeshapoa zamani.

Tingo: Swali la dereva nitalijibu kesho.

Profesa: Hujui kitu, Tingo. Ngoja niwape ya kisayansi. Chanzo ni ng'ombe.

Mheshimiwa: Ng'ombe!

Profesa: Ng'ombe. Bodi inakaa saa ngapi?

Mheshimiwa: Saa kumi jioni.

Profesa: Vizuri. Muda huohuo ng'ombe wanarudi kukamuliwa. Na ng'ombe wa huku anamjua mtu wake. Akiona mwanaume kashika kibuyu, anabana maziwa. Sasa mpeleke mama kwenye bodi. Maziwa hakuna. Maziwa hakuna, chai hakuna. Chai hakuna, wajumbe hawaji. Wajumbe hawaji, bodi imekufa. Maana yake siku mwanamke akiingia kwenye bodi, hakuna tena bodi ya kuingia. Asiyekuwepo na lake halipo!

Mimi: Kwa hiyo bodi inaishi kwa sababu ya mama ambaye hayumo?

Profesa: Hapo umeelewa. Hiyo ukaiandike.

Mimi: Basi si mkae saa nne asubuhi, kabla ya ng'ombe?

Mheshimiwa: Saa nne asubuhi tutakaaje, na wewe unaona tuko hapa?

Tulicheka wote, na nadhani tungeendelea hivyo mpaka jua likaze, kama asingekuja yule mtu. Alivuka barabara taratibu, mrefu, amejifunga shuka, fimbo kaiweka mabegani. Ng'ambo aliacha mwanamke aliyevaa bangili za shaba mikono yote, na binti mwenye sare ya shule amekaa juu ya tranka la bati. Alipofika aliishusha fimbo, akainama kidogo.

Mgeni: Shikamooni.

Mheshimiwa: Marahaba. Karibu, kaa. Alfredi, mpe kahawa.

Alikaa, kahawa akaishika bila kuinywa. Akasema anaitwa Gidamis, anatoka mbugani upande wa Hanang. Jana walilala Haydom, leo wamepanda basi la kwanza.

Gidamis: Mtoto wangu anakaa hapa hosteli. Jenifa, kidato cha tatu. Amerudi nyumbani, anasema shule basi.

Mheshimiwa: Kwanini basi? Jenifa si yule anayeongoza hesabu?

Gidamis: Ni huyo. Sababu mimi sijui. Amemwambia mama yake. Mama yake amekataa kuniambia, anasema hilo ni neno la wanawake. Amesema twende tukamwone mama wa bodi. Ndiyo tumekuja. Mama wa bodi akisikia, akaahidi kutengeneza, mtoto anabaki, tranka lake lile pale. Asiposikia, tunarudi naye. Sasa wazee, naomba mnionyeshe. Mama wa bodi ni nani?

Profesa akaona kitu ndani ya kikombe chake akaanza kukichunguza. Tingo akatazama barabara, upande ambao hakuna gari.

Mheshimiwa: Ndugu yangu, mwenyekiti ni mimi. Niambie mimi.

Gidamis: Mimi sijui, mzee.

Mheshimiwa: Basi mwite mama mwenyewe, aje aniambie.

Gidamis: Mzee, mimi nimezaa naye watoto sita, na hajaniambia. Wewe atakuambia?

Profesa: Lakini si kuna matroni? Matroni ni mwanamke.

Gidamis: Matroni ameambiwa tangu mvua zinaanza. Wasichana walimwambia. Akasema atapeleka kwenye bodi.

Wote tukageukia katikati ya benchi. Mheshimiwa aliondoa kofia, akaitazama, akairudisha.

Mheshimiwa: Ni kweli, lilikuja. Lilikuja kwenye mengineyo. Mnajua mengineyo ni mwishoni, watu wameshasikia harufu ya chakula. Matroni akasimama akasema kuna shida ya wasichana. Tukamwambia, haya, eleza. Akatutazama. Akasema, "Ni mambo ya wasichana tu." Akakaa.

Mimi: Mkafanyaje?

Mheshimiwa: Tukaandika limepokelewa.

Mimi: Limepokelewa nini?

Mheshimiwa: Hilo jambo.

Mimi: Jambo gani?

Nilimwonea huruma, maana usoni alionekana ameanza kuuona kwa mara ya kwanza ule ukumbi wake, na yule matroni amesimama mbele ya suti tisa. Gidamis hakuwa na hasira. Alionekana kutuhurumia, kama watu waliopotelewa na mifugo.

Gidamis: Kwetu wanawake wana baraza lao. Mwanaume haingii. Mwanaume akimkosea mwanamke, wanakaa wao wenyewe, wanamtoza dume la ng'ombe, na analitoa. Mimi nilishalitoa, siwezi kudanganya. Sasa niliposikia nyumba ya wasichana ina bodi, nikajua ni hao. Wanaume mngekaa humo mnafanya nini?

Mheshimiwa akainuka ghafla.

Mheshimiwa: Nitamwita mke wangu! Ni mtu mzima, mtunza siri. Watakaa nyumbani kwangu, mama atamweleza kila kitu.

Gidamis: Asante, mzee. Mke wako yuko kwenye bodi?

Mheshimiwa: Hapana, ila ni...

Gidamis: Akisikia, atamwambia nani?

Nilitafuta jibu mimi, na nina hakika kila mtu pale alikuwa analitafuta. Gidamis aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kahawa hajaigusa, akangoja. Alitupa muda wa kutosha. Basi la kurudi Haydom lilipopiga honi kule juu kwenye kona, akainuka.

Gidamis: Asanteni, wazee. Mbaki salama.

Alivuka. Tuliona anazungumza na mkewe maneno machache. Yule mama akatutazama, kuanzia kwa Profesa mpaka kwangu, mmoja mmoja, kama mtu anayehakikisha mwenyewe. Kisha akamwambia binti jambo. Jenifa akasimama, akashika mkono mmoja wa tranka na mama yake akashika wa pili. Tingo alikimbia kwenda kupakia, ndiyo kazi aliyoizoea, lakini binti alikataa kumwachia. Walilipandisha wao wawili.

Mheshimiwa (kwa kelele): Mwambie mtoto tutaitisha kikao! Cha dharura! Mwambie asiache shule!

Basi lilikuwa limeshaondoka. Niliona aibu, na sikuona pa kuipeleka, kwa sababu waliokuwa karibu ni wale wale wenzangu. Alfredi alikusanya vikombe bila kumdai mtu yeyote.

Kikao cha dharura kilikaa, saa kumi jioni, wajumbe wote wakahudhuria. Jenifa hakurudi. Kitanda chake amepewa binti mwingine, mgeni, wa kidato cha kwanza, katokea Nangwa. Juzi nilimuuliza Mheshimiwa huyo mtoto anaendeleaje. Akasema anaendelea vizuri tu, hajasikia malalamiko yoyote.