Mama Agnès Ngosa, Aliyeanza na Meno ya Juu

Tunayemzika leo, Jumatatu tarehe 24 Juni 1957, alizaliwa karibu na Kinsevere, wakati Élisabethville ilikuwa bado pori. Tarehe haikuandikwa. Mama yake, Mwape, alikuwa na mimba ya miezi mitano mvua ya mawe ilipoangusha mtama wa kijiji kizima. Baadaye mapadre walihesabu kuanzia mvua hiyo, wakaandika 1899.

Alikaza shingo, akakaa, akatambaa kama watoto wengine. Meno yake mawili ya kwanza yalitoka juu. Mtoto wa namna hiyo kwao aliitwa lutala, na ilisemwa kwamba kila jino lake likianguka, mtu wa ukoo hufa. Kwa hiyo mtoto kama huyo hakuachwa akue, alipelekwa mtoni kutupwa. Lakini Mwape alimfungia wake ndani wiki tano, akisema mtoto ana kidonda cha mdomo, mpaka meno ya chini yalipotoka. Ndipo akamtoa nje. Alimwambia Agnès jambo hili mara moja tu, mwaka 1914, msichana alipovunja ungo, na akamkataza kulirudia.

Marehemu aliamuru jambo hili lisomwe leo. Sababu yake inafuata.

Shule aliingia mwaka 1908, kwenye misheni. Kwa kuwa hakuna aliyejua umri wa watoto, padre aliwaambia wapitishe mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Asiyefika alirudishwa nyumbani akaongeze mwaka. Agnès, aliyekuwa mdogo wa mwili kuliko umri wake, hakufika. Aliinamisha kichwa kidogo upande wa mkono, akafika. Padre aliona, akacheka, akamwacha apite. Alibatizwa tarehe 15 Agosti 1910. Alijifunza kusoma, kuandika na kushona.

Tarehe 8 Februari 1920 alifunga ndoa na Léonard Mumba, mfanyakazi wa reli, Mkatoliki kutoka kaskazini ya Katanga. Walikaa Kamalondo. Walizaa watoto watatu: Laurentine mwaka 1921, André mwaka 1923, Liévin mwaka 1925. André alikufa kwa surua akiwa na miezi kumi na mmoja, alipokuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti. Mwaka huo hakuna jino la Mama Agnès lililoanguka.

Mwaka 1928 alipata kazi katika zahanati ya watoto ya kambi moja ya wafanyakazi. Siku ya kuajiriwa alipimwa: mita moja na sentimita sitini na tatu. Kazi yake ilikuwa mizani. Kwa miaka ishirini na minne, kila Jumanne na Ijumaa, alivua watoto nguo, akawalaza kwenye kikapu cha mizani, akaandika uzito kwenye kadi. Alishika utosi kwa kidole kuona kama umefunga. Alihesabu meno. Mama aliyebisha hodi akijisifu kwamba mwanawe ni mnene aliambiwa asubiri mizani iseme yenyewe. Watu wazima wengi walioko hapa leo walilia mikononi mwake, na alikumbuka kilo zao kuliko majina yao.

Kadi ilikuwa na nafasi ya kuandika meno mangapi. Haikuwa na nafasi ya kuandika ya juu au ya chini. Katika miaka hiyo marehemu aliona watoto tisa walioletwa wakiwa na kitambaa mdomoni. Aliinua kitambaa, akaona, akaandika “mawili”, akarudisha kitambaa. Sita walikuwa wakirudi kila wiki. Watatu hawakurudi. Aliambiwa wamepelekwa kijijini. Hakuuliza zaidi, wala hakumwambia mama yeyote habari zake mwenyewe. Kadi za hao watatu alikwenda nazo nyumbani, na alikuwa nazo mpaka mwisho.

Alipofika miaka arobaini na mitano meno yake yalianza kuondoka. Aliandika tarehe ya kila jino, na kando yake jina la aliyekufa, kama yupo. Ukurasa una meno ishirini na mawili na jina moja. Jino la kumi liling'oka tarehe 2 Mei 1949. Léonard alikufa tarehe 9. Kwa mwaka mzima Mama Agnès hakula kitu kigumu, jino jingine lisianguke. Halafu akaandika chini ya jina hilo: “Mapafu.” Léonard alikuwa akikohoa tangu 1946.

Mwaka 1952 aliacha kazi. Desemba mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, na daktari akasema ni moyo. Alipimwa tena: mita moja na sentimita hamsini na tisa. Alitaka kujua sentimita nne zimekwenda wapi. Daktari akamwambia kwamba mifupa ya mgongo hukaa chini kadiri mtu anavyozeeka. Alimwomba aandike kwenye kadi.

Tarehe 19 Mei, mjukuu wake Wivine, binti wa Liévin na Mujinga, akiwa na miezi sita na nusu, alitoa meno mawili ya juu. Marehemu alikuwa tayari hawezi kulala chali. Mujinga alianza kumfunika mtoto mdomo kwa kitambaa. Mukuka, mdogo wake marehemu, alifika kutoka Kinsevere kumwona mgonjwa, akaelewa.

“Yaya, ule mutoto anakukula,” alimwambia dada yake mkubwa. “Unipe, niende naye ku mugini kwetu, Kinsevere.”

Marehemu aliomba ainuliwe. “Mukuka, uniangalie. Miye njo lutala. Mama alinifichaka mu nyumba wiki tano. Weye ulizaliwaka nyuma yangu, na uko hai.”

Mukuka alimtazama mdomoni. Kisha akauliza kama meno yote yameshaanguka.

“Imebaki kumi. Ungojee.”

Mukuka alicheka kabla hajajizuia, halafu akalia. Mujinga hakucheka, alisema watu watasema.

“Baseme,” marehemu alimjibu. “Weye ulizaliwaka na kitovu mu shingo, njo maana banakuita Mujinga. Nani alikutupa? Toa kitambaa. Mutoto iko na meno, haiko na kidonda.”

Akamgeukia Liévin, aliyekuwa mlangoni. “Utasoma yote mbele ya bantu. Kama miye nakufa, batasema ni ule mutoto. Utaje na wale batatu ba kadi.”

Alikufa nyumbani Kamalondo, Jumamosi tarehe 22 Juni, saa kumi na mbili asubuhi, kwa moyo. Meno kumi yalikuwa mahali pake. Kadi tatu zimewekwa naye jenezani.

Ameacha binti yake Laurentine, mwanawe Liévin, anayesoma maneno haya, mkwewe Mujinga, wajukuu sita, na mdogo wake Mukuka, aliyeomba kumbeba Wivine kwenda makaburini. Mujinga amesema atambeba mwenyewe, na kwamba Mukuka atembee kando yake.

Wivine ana miezi saba na nusu, na uzito wa kilo saba na nusu. Meno yake ya chini bado. Yuko hapa, bila kitambaa.

Mama Agnès, pumzika. Mtoto tumemwona.