Mzee Kasmiri na Mchanga wa Lango la Kaskazini

Baba Padri, mwenyekiti wa kijiji, ndugu zetu wa Kibara, na ninyi wageni mliotoka Bunda, Nyamuswa, Butiama na Musoma tangu alfajiri, familia inawaomba mkae kwa utulivu msikie maisha ya mzee wetu Kasmiri Stanslaus, aliyetunza uwanja wa mpira wa Bunda kwa miaka thelathini na minane, na ambaye leo Jumamosi, tarehe 15 Juni 2024, amerudi kulala hapa Kibara, kijiji alichokipenda hata katika miaka ile ambayo kijiji hakikumtaka.

Marehemu Kasmiri alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 hapahapa Kibara, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Stanslaus, mvuvi, na Mama Mbuke, mkulima wa mihogo na pamba, na aliyemtangulia kuzaliwa ni kaka yake Mzee Elias, ambaye Mungu amemweka na yuko nasi hapa mbele. Mama Mbuke alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, lakini alipoanza alikataa viatu, akivalishwa kimoja anavua, akivalishwa cha pili anakitupa kwa kuku.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1973, na walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba siku moja alichelewa namba akapewa adhabu ya kufyeka uwanja kwa siku tatu, yeye akafyeka wiki nzima, na mwalimu wa zamu alipomuuliza anafanya nini tena pale, alijibu kwamba kipande kilichobaki kilikuwa kinamkera.

Mwaka 1976 alikwenda Bunda akafanya kibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba, akabeba marobota kwa miaka minane, na tarehe 2 Aprili 1984 akaajiriwa kuutunza uwanja wa mpira, kazi ambayo wengi waliiona ya kufyeka majani tu, lakini waliomwona akiifanya walibaki wameduwaa. Kila siku ya mechi, jua linapochomoza, alivua viatu akautembea uwanja wote kwa miguu mitupu, kutoka kibendera hadi kibendera, akikanyaga polepole kama mama anayepima joto la uji wa mtoto, kisha akachukua mpira akauachia kutoka begani, akatazama unadunda hadi wapi. Ukifika gotini alisema uwanja umetulia, ukifika kiunoni alisema leo mabeki watateseka, na jioni mechi ilikwenda vilevile alivyosema. Udongo wa pale ni mweusi wa mbuga, masika unang'ang'ania miguu, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kiganja cha mtu, naye alizijaza nyufa hizo kwa mchanga uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, akausawazisha kwa mkono kama wanawake wanavyopiga sakafu ya nyumba. Katika miaka yote hiyo hakukubali kumpa mtu kazi ya kujaza nyufa bila kuikagua mwenyewe, kwa sababu alisema kifundo cha mguu wa kijana hakinunuliwi dukani.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa takatifu na Mama Hilda Nyamburi, kanisani Butiama, na kwa kuwa kesho yake kulikuwa na mechi Bunda, bwana harusi aliomba msafara uondoke mapema akamwagilie uwanja, ndipo bibi harusi akawaambia shangazi zake, "Mimi nimeolewa na uwanja, huyu mwanaume nimepewa nyongeza." Walicheka hadi wakalia, lakini Mama Hilda ndiye aliyebeba ndoo za maji pamoja naye jioni ile, na jioni nyingi zilizofuata. Mungu aliwajalia watoto watatu, Consolata mwaka 1986, Revocatus mwaka 1989 na Dorotea mwaka 1996, na wajukuu tisa, ambao wote walijifunzia kutembea kwenye majani yale.

Ndugu waombolezaji, familia imekubaliana kwamba jambo la mwaka 2013 lisomwe lote, kwa sababu wengi wenu hapa Kibara mmelibeba moyoni, naye alilibeba pia, na hatuwezi kumfukia nalo.

Mwaka huo fainali ya kombe la wilaya ilipangwa Jumapili tarehe 18 Agosti, Kibara dhidi ya Nyamuswa, Revocatus akiwa golikipa na nahodha wa Kibara. Kiangazi kilikuwa kikali, mbele ya lango la kaskazini ardhi ilikuwa imepasuka vibaya, na watu wa Kibara kwa moyo mwema wakatuma mchanga, gari zima, kutoka mwaloni, ufukweni wanapotia nanga wavuvi. Mzee aliupokea kwa furaha, akajaza nyufa, akamwagilia siku tatu, wala hakukumbuka, yeye mtoto wa mvuvi, kwamba mchanga ule ulichotwa pale wanapoanikia dagaa. Maji yalipoingia harufu ikaamka, na Ijumaa asubuhi akakuta mbwa wa Bunda nzima wako langoni wanafukua, kunguru wamejipanga juu ya mwamba wa goli, na korongo wenye vipara wanatembea eneo la penati kama waamuzi. Alikaa chini akajishika kichwa. Mama Hilda alimtazama, akamwambia, "Baba Consolata, umewaandalia wageni karamu," kisha akaenda kuita majirani.

Jumamosi wanawake wa mtaa walikuja na mabeseni na makarai, zaidi ya ishirini, wengine na watoto mgongoni, hakuna aliyekuwa ameombwa zaidi ya mara moja, wakazoa mchanga wa dagaa, wakaleta samadi mpya, wakapiga lile eneo lote hadi saa kumi. Lakini lilikuwa bado bichi. Mzee aliuachia mpira mahali pengine ukadunda hadi kiunoni, akauachia pale ukalala papo hapo kama donge la ugali, hatua sita mbele ya lango, na kwa macho tu usingeona tofauti yoyote.

Jioni hiyo alikuja mtu wa Kibara, ambaye tutamtaja kwa ruhusa yake, akaona jinsi mpira unavyolala, akamwambia, "Hapo ndipo kombe letu lilipo. Mwambie Revocatus peke yake, wale wa Nyamuswa wajionee wenyewe." Mzee akauokota mpira. Yule mtu akaendelea, "Kwani wewe ulizaliwa wapi, Kasmiri, Nyamuswa ama Kibara? Na mchanga ulikuwa wa nani?" Ndipo akajibu, "Nilizaliwa Kibara, na mchanga niliwashukuru. Lakini nyasi hazina ukoo. Nikificha hapo, kesho mtoto wa mtu atavunjika, nitamwambia nini mama yake?" Waliachana bila kuagana, na Mama Hilda anakumbuka kwamba chakula cha jioni hiyo mzee hakukigusa, kwa sababu alijua anachoweka mezani ni jina lake kijijini kwao, pamoja na moyo wa mwanawe.

Jumapili, kabla ya mchezo, aliwaomba waamuzi wamwitie manahodha wote wawili, akamshika mkono Evance wa Nyamuswa na mkono mwingine akamshika Revocatus, akawapeleka langoni, akauachia mpira mbele yao, akasema, "Hapa haudundi. Msiusubiri." Evance aliinama akapagusa kwa kiganja. Revocatus aligeuza uso, kwa sababu alikuwa ameshaelezwa kwamba baba yake anataka kutoa siri, na hasira ilikuwa imemziba masikio.

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila goli, na kila aliyekuwepo anakumbuka jinsi ardhi ilivyocheza kama mchezaji wa ishirini na tatu, upande wa kusini mpira ukiruka kama mbuzi na kuwatesa vijana wa Kibara waliozoea mchanga wa ziwani, upande wa kaskazini ukitambaa na kuwachosha wa Nyamuswa waliokulia kwenye ardhi ngumu ya malisho. Dakika ya themanini na moja, Revocatus akiwa lango la kaskazini, mpira mrefu ulipigwa kutoka katikati, ukashuka kutoka juu taratibu, naye akasimama na mikono tayari kifuani kuupokea utakapodunda, kama golikipa yeyote mzuri angefanya. Haukudunda. Ulilala. Evance alikuwa ameshaanza kukimbia kabla haujagusa chini, akausukuma kwa ncha ya kiatu, na mchezo ukaisha bao moja kwa bila.

Revocatus alimpitia baba yake pembeni ya uwanja, akasema, "Umenifungisha, baba," na kesho yake akahamia Musoma. Hapa Kibara ilifika habari kwamba Mzee Kasmiri alimwonyesha Evance mahali pale na kumficha mtoto wake wa kumzaa, na watu wawili wa hapa Kibara waliojua kwamba si kweli walinyamaza. Tangu hapo alipewa jina la Mnyamuswa, hakuitwa tena kwenye vikao vya ukoo, na mwaka 2015 Mama Mbuke alipofariki, alikaa kwenye viti vya nyuma pamoja na wageni katika msiba wa mama yake mwenyewe. Hakulalamika. Jumatatu ile baada ya fainali ni Evance aliyekuja peke yake na chepe kumsaidia kuchimbua lile eneo na kulijaza upya, akafanya kazi hadi mchana, wala hakutaja goli hata mara moja.

Miaka sita ilipita. Revocatus alikuwa anafundisha timu ya vijana Kamunyonge, kulekule Musoma, na Jumamosi tarehe 14 Septemba 2019 aliwapeleka kucheza ugenini, ambako kijana wake mmoja, Gabriel, alivunjika mguu katika shimo lililofunikwa kwa majani, shimo ambalo wenyeji walilizunguka mchezo mzima. Jumatatu alipanda basi hadi Bunda, akamkuta mzee anafyeka, akasimama, akasema, "Baba, walikuwa wanalijua lile shimo. Hawakutuambia." Mzee aliweka fyekeo chini, akamtazama, akauliza, "Umekula?" Mama Hilda alileta ugali na sato, wakala wote watatu pembeni ya mstari wa kona, baada ya hapo baba akavua viatu na mtoto akavua, wakautembea uwanja kutoka lango hadi lango, na tangu siku hiyo haukupita mwezi bila Revocatus kuja.

Tarehe 9 Novemba 2022 marehemu alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, akahamishiwa Kamunyonge nyumbani kwa Consolata, awe karibu na hospitali. Kila Ijumaa kondakta wa basi alileta samaki wa kukaushwa, wamefungwa vizuri, hakuna jina, lakini Consolata alimjua aliyewapasua kwa jinsi walivyopasuliwa, na mzee naye alimjua, akawa kila wiki anamtengea kichwa cha samaki pembeni ya sahani bila kumtaja. Mwezi Januari mwaka huu Mzee Elias mwenyewe alisimama mlangoni. Akauliza, "Mdogo wangu, wale samaki ulikuwaga unawapata?" Akajibiwa, "Niliwapata, kaka. Wa Pasaka walikuwa na chumvi kama umewakosea." Wakacheka, kisha Mzee Elias akaketi kitandani akaongea naye tangu asubuhi hadi adhuhuri, na waliokuwa nje walisikia mtu mzima analia.

Mwezi Mei hali ilibadilika, akaomba azikwe Kibara, akaongeza, "Kama watakubali." Alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Juni 2024, saa nne asubuhi, hospitalini Musoma, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, Mama Hilda akiwa ameshika ule mguu wa kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimsogezea kitanda dirishani ili aone majani ya nje, majirani wa Kamunyonge waliopokezana kumgeuza, wafanyakazi wenzake wa Bunda, wanawake wa mabeseni ambao wengi wenu leo mko jikoni mnapika, na Evance pamoja na vijana wa Nyamuswa waliofika jana na vifaa vyao wakachimba kaburi bega kwa bega na vijana wa Kibara.

Mwisho, Mzee Elias ameomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema. "Mtu aliyekwenda Jumamosi kumwomba Kasmiri afiche ni mimi. Aliponikatalia, mimi ndiye niliyewaambia Kibara kwamba ametusaliti, na sikuwaambia nilichomwomba. Nimempa nafasi ya kaburi niliyokuwa nimejiwekea mimi, kando ya baba yetu." Na Revocatus ameomba tuongeze, "Nilikuwepo pale langoni. Mimi na Evance tuliambiwa sawasawa. Mimi ndiye sikusikia."

Baba, watu wa Kibara sasa wamejua, na wamesogea mbele kukubeba. Pumzika kwa amani, uko kwenu.