Nililala Chini ya Gari Lenye Rozari

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana asifiwe, ndugu zangu, asifiwe hata na ninyi mlioingia na matope kwenye viatu, maana ushuhuda wangu wa leo ni wa matope.

Mimi ni Mama Divine. Wengi mnanijua, ni yule mwanamke anayegombana na watu sokoni Base Camp kwa sababu ya mizani. Ndiyo, ni mimi. Mungu aliniumba na mdomo mkali na sijamwomba aubadilishe. Nimesimama hapa kusema jinsi alivyonitoa katika hofu niliyokaa nayo miaka mingi, na najua wengine mtacheka mkisikia alitumia nini. Alitumia gari kuukuu la Kijapani. Chekeni tu, nami nitacheka pamoja nanyi, lakini kwanza nisikilizeni.

Mnakijua kile kilima cha udongo mweusi kilicho kati ya kijiji chetu na Base Camp. Kiangazi unakipanda huku unapiga soga. Mvua ikinyesha, hata mbuzi anakikwepa. Tulipofika hapa Uganda, kambi ya Nakivale, kutoka Burundi, Divine wangu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Baadaye nikapata mimba nyingine, na uchungu ukanishika katikati ya masika. Baba Divine, Mungu ampumzishe, alihangaika mpaka akapata teksi ya kutupeleka zahanati ya Base Camp. Tukafika katikati ya kilima. Magurudumu ya mbele yakazunguka, yakazunguka, matope yakaruka mpaka kwenye vioo, na gari halikusogea. Wanaume walisukuma mpaka wakaishiwa nguvu. Mtoto wangu alizaliwa pale pale, kwenye kiti cha nyuma. Ndugu zangu, hakulia! Nilikuwa nimemwandalia jina, na sikulitamka mbele ya mtu yeyote.

Tangu siku hiyo, kila mawingu yalipojikusanya upande wa ziwa, nilifunga mlango na dirisha. Wengine walishukuru mvua kwa ajili ya maharage yao. Mimi niliomba isinyeshe. Nilikuja kanisani, niliimba, nilipokea komunyo, na bado nilikuwa mtumwa wa kilima kile.

Kisha Divine akaolewa na Mathias, akapata mimba. Nilipopiga hesabu kichwani nikaona atajifungua wakati wa mvua. Nikapiga magoti jikoni kwangu, kati ya sufuria, nikasema: Bwana, safari hii hapana! Nakuomba kwa moyo wote, lakini ukiniona natafuta gari usidhani nimekuacha.

Wanawake wa kikundi chetu cha sala walikuwa wakichanga siku nyingi wapate gari la kupeleka maharage mjini Mbarara. Nikasimama mbele yao nikasema, ndugu zangu, gari litakalobeba gunia na kushindwa kumbeba mama mwenye uchungu litatufaa nini? Tutafute la fowili, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Hakuna aliyebisha. Kila mmoja alikuwa na machozi yake aliyoyaacha kwenye kilima kile.

Kiongozi wetu, Mama Furaha, mnamwona pale mbele amejifunika kitambaa cha bluu. Ni Mkongomani, na imani yake ni ya kuhamisha milima. Alifunga, akaomba, akatoka na neno: "Niliona motokari ya mweupe, na rozari inaninginia mbele ya shofere. Ile njo yetu!" Tulishangilia, ndugu zangu, tukapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga.

Tukaenda Mbarara, mimi, Mama Furaha na mkwe wangu Mathias. Katika yadi ya kwanza tuliyoingia, dalali akatutazama, akatazama rozari zilizokuwa shingoni mwetu, akatuomba tungoje kidogo aende kutafuta ufunguo. Aliporudi alituonyesha Rav4 nyeupe inayong'aa, nyuma imeandikwa fowili kwa herufi kubwa za fedha. Na mbele, kwenye kioo cha dereva, rozari! Mama Furaha alilia. Mathias aliingia akabonyeza redio, redio ikaimba, na kwake yeye uchunguzi ukawa umekwisha.

Sasa mnajua desturi yetu. Gari halilali nyumbani kabla halijabarikiwa. Mama Furaha alikuwa ameshaongea na padri mmoja wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto, na padri alikuwa akitungoja mchana ule ule. Dalali alipolisikia hilo alifurahi kuliko sisi. Akasema pelekeni likabarikiwe, mambo mengine tutamaliza baadaye. Hapo ndipo moyo wangu ulipogutuka. Padri akishanyunyiza maji juu ya gari, ni nani kati yetu atakayethubutu kulirudisha? Nikasema naenda kuomba maji ya kunywa, nikavuka barabara.

Ng'ambo kuna duka la Hajati Zulaika, Mwislamu, mteja wangu wa maharage wa siku nyingi. Hajati ana magari ya kukusanya maziwa kutoka Bwizibwera, yote ya zamani, na yote yanatembea. Nilipomweleza habari ya gari jeupe, aliweka kikombe chini.

"Wewe Mama Divine, ulilala chini yake?"

"Nilale chini nifanye nini, Hajati?"

"Kuangalia! Ng'ombe unashika kiwele, unaangalia meno. Kwa gari unaogopa nini?"

Akanishika mkono mpaka nyuma ya duka, kwenye gari lake la maziwa, akatandika gunia, akanilaza. Akaniinamia, akaninyooshea kidole. "Ona hii chuma ndefu, shafti. Inatoka injini, inakwenda nyuma. Ona hii bonge kati ya tairi ya nyuma, ndiyo difu. Hizi gari ya sura kama ile nyeupe ilitengenezwa namna mbili, na kwa macho zinafanana. Ingine inavuta yote nne. Ingine inavuta mbele peke yake. Ukikosa hii bonge nyuma, basi, hiyo ni sura ya fowili na miguu ya teksi." Kisha akaangua kicheko. "Na hiyo rozari! Mimi dalali alinionyesha gari ile ile, na ilikuwa na tasbihi."

Ndugu zangu, nilirudi yadini na gunia la Hajati kwapani. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha misa. Nikalitandika nyuma ya gari jeupe. Dalali akaja mbio: "Nyabo, mama wee, utachafua nguo! Si imeandikwa fowili hapa?" Nikamwambia kitenge kinafuliwa. Nikalala chali, nikaingia mpaka kichwa kikawa kati ya magurudumu ya nyuma.

Hapakuwa na kitu. Bomba la moshi lilipita, basi. Hakuna shafti wala difu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanafuata tu. Nikiwa nimelala pale niliiona upya teksi ile, magurudumu ya mbele yakizunguka kwenye matope. Nililia chini ya gari, sioni aibu kuwaambia. Halafu nikatoka, nikashika herufi moja ya fedha kwa ukucha, nikavuta. Ikabanduka! Ilikuwa imebandikwa kwa gundi.

Mama Furaha alinikasirikia sana. Alisema: "Mungu ametuonyesha alama, na weye unalala chini kumupima?" Nampenda na namheshimu, nikaanza kukunja gunia la Hajati. Lakini Mathias, ambaye alikuwa bado anachezea redio, alifungua kile kisanduku cha mbele ya abiria akitafuta kaseti. Ikaanguka tasbihi. Na nyuma yake rozari nyingine mbili, mpya, bado zimo ndani ya mfuko wa dukani.

Mama Furaha aliziokota, akazitazama moja moja. Kisha akaingiza mkono, akaitoa ile rozari kwenye kioo cha mbele, akaibusu, akaiweka juu ya kiti taratibu. "Twende," akasema. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia padri simu kumwomba atusamehe.

Ningetamani kuwaambia kwamba siku ile ile tulipata lingine. Hatukupata. Tulirudi Nakivale mikono mitupu, mawingu yakiwa yameanza kujipanga, na Divine akitembea ameshika kiuno. Nililala chini ya magari mengi, ndugu zangu, mpaka madalali wa Mbarara wakaniita Mama Chini. Lingine lilikuwa na difu lakini chasisi yake, mifupa ya chini, imeliwa na kutu. Nililigonga kwa jiwe, unga mwekundu ukamwagika. Lingine lilikuwa zima lakini vipuri vyake hakuna fundi aliyewahi kuviona. Kila usiku hofu iliniambia niache, na kila asubuhi nilikunja gunia langu nikaenda. Sikuacha!

Mwishowe Hajati alinipeleka Bwizibwera kwa mzee mmoja mfugaji aliyekuwa anauza gari lake kwa sababu macho yake yamechoka. Ni Escudo ya zamani, kijani iliyopauka, mlango mmoja umebonyea. Nikalala bila kuambiwa. Shafti ya kwenda nyuma, ipo. Shafti ya kwenda mbele, ipo. Difu mbele, difu nyuma! Nikagonga chasisi kwa jiwe, ikalia vizuri isipokuwa sehemu moja ndogo iliyohitaji kuchomelewa. Ndani, pembeni ya gia, kuna kijiti kingine kifupi cha kuita magurudumu yote. Na katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifundo cha kuzungusha kwa mkono. Mzee akanionyesha: "Kwa rami, fungulia. Kwa matope, shuka ufunge. Usiposhuka, hiyo gia ya ndani ni bure." Mathias akalipandisha ukingo wa zizi, kwenye kinyesi na tope la ng'ombe, na likapanda polepole bila kelele.

Tulipofika nalo nyumbani, mlitucheka! Ndiyo, ninyi ninyi. Mlisema kikundi cha sala kimeleta debe. Mmoja aliuliza kama tumeliokota. Nilinyamaza, na mnajua kwangu mimi kunyamaza ni muujiza.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha tangu asubuhi, na mchana Divine akashikwa na uchungu. Tulimlaza nyuma, Mama Furaha akikishika kichwa chake na kusali rozari, mimi mbele na Mathias. Tulipokiona kilima, hofu ikanirudia kama zamani. Tukapanda. Tukafika katikati, karibu na mahali pale pale. Gari likakwama.

Mathias alivuta kijiti. Injini ikanguruma, na magurudumu ya nyuma yakachimba. Ya mbele hayakuvuta. Divine alipiga yowe. Mathias alinigeukia, uso umempauka, akasema: "Mama, njoo tusukume." Hofu ilinijaa. Na katikati ya hofu ile, ndugu zangu, nikasikia sauti ya mzee wa Bwizibwera. Shuka ufunge! Jana yake tulikuwa Mbarara kwenye lami, tukafungulia vile vifundo, na hatukukumbuka kuvirudisha.

Nikafungua mlango. Matope yalinifika kwenye mashavu ya miguu. Nikapiga goti mbele ya gurudumu, nikapekua tope kwa vidole mpaka nikakipata kifundo, nikakizungusha mpaka kikagota. Nikazunguka mbele ya gari nikishika bodi nisianguke, nikapiga goti la pili. Kile kilikuwa kigumu. Nikakishika kwa kanga yangu, nikaita: Yesu! Kikazunguka.

"Vuta, Mathias! Polepole!"

Na magurudumu yote manne yakauma udongo. Nililiona gari likinipita, likipanda polepole, na ndani Mama Furaha akiimba kwa sauti kubwa kuliko mvua. Nilibaki nyuma nimesimama mahali pale nilipompoteza mtoto wangu, peke yangu, matope mpaka kifuani. Na sikuogopa. Nilitafuta hofu ndani yangu, sikuiona! Bwana alikuwa ameiondoa. Nikapanda kilima kwa miguu, nikicheka na kulia, mpaka juu walikoningoja.

Mjukuu wangu alizaliwa zahanati ya Base Camp jioni hiyo. Alilia! Alilia mpaka muuguzi akasema huyu ana mdomo wa bibi yake. Mathias alitaka kumwita Escudo, nikamwambia atafute nyumba nyingine ya kulala.

Nakushukuru, Bwana, kwa ajili ya Mama Furaha, ambaye siku hizi analala chini ya magari kuliko mimi. Nakushukuru kwa ajili ya Hajati Zulaika, mbariki dukani kwake. Gari letu lilibarikiwa siku ile ile tulipolileta, padri alikuja mwenyewe. Kioo chake cha mbele hakina kitu, maana rozari zetu ziko mikononi.

Nawe dada uliyekaa nyuma pale, mwenye mimba, ninayekuona unaangalia mawingu dirishani. Nakujua, nilikuwa wewe. Mtumaini Mungu, hakuachi. Na siku ikifika, mtu aje agonge kwangu. Gari liko uani, limeigeuzia barabara uso, na atakayeshuka kwenye matope ni mimi.

Divine aliniuliza mtoto tumwite nani. Nikalitamka lile jina nililolinyamazia miaka yote. Anaitwa Iranzi. Kwa lugha yetu, ndugu zangu, ni kusema: Mungu ananijua.