Mkono Ulioninyima Sindano

Sikilizeni, wanangu. Ndirangu, zima hiyo runinga. Mpira utachezwa hata nikishaenda. Milka, toka hapo mlangoni uje ukae kitandani, wewe ni binti yangu, si askari wa jengo hili.

Shamba la Kinangop ligaweni katikati, upande wa mtoni uwe wa Milka, na Ndirangu usinune, kwa maana dada yako ndiye aliyenileta Doha akanipa chumba chake hapa Bin Mahmoud, yeye akalala kwenye kochi. Na wahenga walishasema, wagombanapo ndugu chukua jembe ukalime. Mwili wangu urudi nyumbani. Najua Wakenya wa hapa wameshaunda kamati ya kunisafirisha, tena mmoja wao akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp kwa bahati mbaya, nikasoma jinsi marehemu alivyokuwa mpole. Mpole, mimi! Nilicheka hadi nikapaliwa.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa pili, saratani iliponitafuna mifupa, nilikuomba, Milka, kwa kuwa wewe ni nesi, unichome sindano ya kunimaliza. Ulikataa, ukalia. Nami kwa hasira nikakulaani: mkono ulioninyima sindano usirushe udongo kaburini mwangu. Tangu siku hiyo unanihudumia umesimama, na chakula huli nami. Hata hivyo uliwaita wale wauguzi wa kutuliza maumivu, nikaitema dawa yao siku mbili, maana kwetu mofini ikiletwa kwa mgonjwa, watu huanza kutafuta jeneza. Mzee mzima, mjinga! Siku ya tatu nikameza, nikalala, nikaamka nikiomba chapati. Kumbe nilichokuwa nimechoka nacho ni maumivu. Maisha bado nayapenda, pamoja na joto hili lenu. Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea sana.

Ndirangu, pumzi ikianza kukata usinikimbize kwenye mashine. Dawa iendelee, mnishike mkono, niende kwa saa yangu.

Laana ya mzazi haifutwi kwa maneno matupu, hutemewa mate, na dawa hii imenikausha kinywa... Nipe hiyo ndimu. Lo, kali! Ngoja... bado... Haya, lete viganja, Milka. Vyote viwili. Usilie, utayaosha mate yangu. Thu! Thu! Uzae... uheshimike... udongo wa kwanza... uwe wako.

Basi. Sasa kaa, mama... tule.