Vinnie Anarudi Shambani

Odessa alikuwa amefumba macho, lakini masikio hayana kope. Kwenye kiti cha mbele yake, ndani ya basi lililotoka Clarksville, mjane mmoja mzee, Bibi Lavinia, alikuwa akimsimulia mkulima wa tumbaku aliyeketi kando yake.

"Pepo yule alitutesa mwaka mzima kule shambani kwetu, mwanangu. Alimfinya marehemu mume wangu, akatuvua mablanketi. Lakini nilipougua aliniimbia tenzi, akanidondoshea pichi mbivu kitandani, na nje theluji tele!"

"Na bado ukamfukuza?"

"Mchungaji aliniamuru, nikamfukuza. Pepo akasema, 'Vinnie, nitarudi baada ya miaka saba.' Leo ndiyo inatimia."

Mkulima akacheka, macho yake yakiwa kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku yaliyofuka moshi mashambani. "Ama kweli! Wenzako wanakimbia mapepo, wewe unayafuata kwa basi?"

"Hata binti yangu kasema hivyo hivyo. Kanifungia viatu kabatini."

Odessa akafumbua jicho moja. Bibi alikuwa amevaa mabuti ya kiume, huenda ya mkwewe.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," bibi akaendelea. "Nani mwingine amebaki wa kuniita Vinnie? Wote nimewazika."

Basi likasimama njia panda. Bibi akainuka na kikapu chake.

"Na akija akakuzaba makofi, mama?" mkulima akauliza.

"Si atakuwa amekuja?"

Akashuka. Kikapuni sahani ziligongana, na Odessa akaziona: zilikuwa mbili.