Baiskeli Iliyofunga Mbuzi

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu nimewasikia, marahaba. Wajane wenzangu mliotoka Chanzuru na mliotoka upande wa Mikumi, poleni na safari. Mwenyekiti wetu amenisimamisha nitoe ushuhuda, na amenisihi nisiseme maneno makali. Nimemwambia nitajaribu. Nimeahidi kujaribu tu, msije mkanidai zaidi ya hapo.

Majina sitataja. Watu nitakaowasema tunachota nao maji kisima kimoja, na mmoja wao yumo humu ndani.

Mume wangu alikuwa mnoa visu. Wengine mnamkumbuka. Alikuwa na baiskeli nyeusi yenye stendi pana, na jiwe la kunolea, la mviringo, wakati wa kazi alilifunga kwenye keria. Akifika kijijini anaisimamisha baiskeli, gurudumu la nyuma linaning'inia, anapitisha mkanda kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye jiwe. Mimi nakaa juu ya tandiko, nimejifunga khanga mbili, nakanyaga pedali. Jiwe linazunguka, yeye yuko nyuma yangu na panga mkononi, cheche zinaruka. Nawaambieni, miaka ile hakuna mwanamke wa bonde hili aliyekanyaga baiskeli kunishinda, na sikusogea hata hatua moja!

Tulianzia Kilosa mjini, tukafuata bonde la Miyombo, tukapita Masanze, tukapita Zombo, mpaka Mikumi. Barabarani yeye anaendesha, mimi niko nyuma, jiwe nimelipakata kama mtoto. Uhuru ulikuwa mchanga, watu wanafungua mashamba, kila nyumba ina panga butu. Alikuwa na kengele yenye mlio mkali. Akiipiga kwenye kona, wanawake wanatoka na visu kabla hawajatuona. Nilikuwa na furaha. Naisema wazi kwa sababu baadaye niliambiwa sikuwa na chochote.

Kisha kifua kikamchukua.

Mila yetu mnaijua. Mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake, na mjane hurudi kwa kaka zake. Siipingi mila, hata mama yangu aliishi nayo. Siku ya kuanua tanga wakaja wapwa watatu wa marehemu, na kila mmoja anaitaka baiskeli. Wakabishana mpaka waliokuja kutoa pole wakaanza kuondoka. Mzee wa ukoo akachoka, akasema, "Kama hamwezi kupatana, igawanyeni."

Ndugu zangu, mimi nilidhani ni maneno ya hasira. Wakaleta spana. Wakaifungua palepale uani kwangu, mbele ya macho yangu. Wa kwanza akachukua fremu na usukani. Wa pili akachukua magurudumu yote mawili. Wa tatu akachukua mnyororo, pedali na tandiko. Dada wa marehemu naye akachukua kengele, mtoto wake achezee.

Nikauliza, "Na mimi je?"

"Wewe una kwenu," akasema mzee. Akalitazama jiwe. "Hilo mwachieni, atasagia karanga."

Wakacheka. Kwenye msiba, wakacheka.

Nikarudi kwa kaka yangu, nikiwa na wanangu na lile jiwe. Hapa sitaficha. Nililewa. Pombe ya komoni ikiiva kwa jirani, mimi ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Wanangu walilishwa na mke wa kaka, wakaogeshwa na mke wa kaka, mpaka yule mdogo akaanza kumwita yeye mama. Nilimsikia. Nikaenda kunywa tena.

Asubuhi moja nikalibeba jiwe mpaka mtoni nilitose, maana kila nikiliona nilisikia kicheko kile. Pale mtoni palikuwa na mama mmoja wa Masanze, amekuja kwa binti yake, anaparua samaki. Akaniangalia.

"We mama, hilo si jiwe la yule bwana wa kengele?"

"Ndilo."

"Unalipeleka wapi?"

"Mtoni."

"Haya. Lakini kabla hujalitosa, ninolee kisu hiki. Tangu bwana yule afe, nimebakiza kupasua samaki kwa meno."

Sikuwahi kunoa hata kisu kimoja. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga. Lakini mikono ya mume wangu nilikuwa nimeiangalia miaka yote ile. Nikalibana jiwe kati ya magoti, nikalimwagia maji, nikaanza kusugua. Yule mama akakijaribu kisu kwa kidole gumba.

"Umenoa vibaya," akasema, "ila kinakata. Kesho nitakuletea panga."

Hivyo ndivyo nilivyorudi kwenye njia ya mume wangu, kwa miguu, jiwe kichwani, mtoto mgongoni. Mnadhani nilipokelewa kwa vigelegele? Zombo pale mwanamume mmoja aliniambia, "Mwanamke akininolea panga, si nitaishia kukatia ugali?" Na pombe, kusema kweli, sikuiacha kwa ushujaa. Niliiacha kwa uchovu. Mtu aliyetoka Masanze na jiwe kichwani hana miguu ya kufuata komoni.

Ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Nyumba tukaziacha bondeni na migomba yake, tukapangwa mistari kando ya barabara, kila mtu na kiwanja chake. Migomba ile bado inaniuma, lakini hayo ni ya ushuhuda mwingine. Mimi na wapwa watatu tukaangukia kijiji kimoja. Na hapo ndipo nikaiona baiskeli yangu. Fremu imeegemezwa ukutani, inaanikiwa nguo. Magurudumu hayana tairi wala mpira, yamefungwa kwenye mkokoteni wa maji uliokwisha kuvunjika. Tandiko limepigiliwa juu ya kigoda. Mnyororo umefunga mbuzi.

Kwa miaka yote ile hakuna aliyeipanda. Nilikuwa nimeshazoea kwamba nimenyang'anywa. Kilichonichoma ni kwamba hawakuihitaji. Nilipita pale kila asubuhi nikienda kisimani, na yule mbuzi ananiangalia.

Msimu huo kijiji kikatakiwa kufyeka pori, lifunguliwe shamba la ujamaa kabla ya mvua. Mapanga yalikuwa butu kama vijiko. Ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wa kijiji akauliza, "Nani hapa ana jiwe la kunolea?"

Nikasimama. 

"Jiwe ninalo. Lakini kwa mkono, nitamaliza mapanga yenu mvua ikiwa imeshapita. Nipeni baiskeli yangu."

"Baiskeli ipi, mama?"

"Hiyo iliyofunga mbuzi."

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Mzee wa ukoo akainuka, akasema ile ni mali ya wapwa, iligawanywa kwa mila. Mwenyekiti akakuna kichwa. Akasema, "Basi tusigombane. Ikusanywe, iwe mali ya kijiji, na mama aitumie kunolea."

Nikamjibu, "Hapana, ndugu mwenyekiti. Ukoo ulishaninyang'anya, sitakaa kimya kijiji nacho kininyang'anye. Iwe yangu mbele ya watu hawa wote, nami nitanoa mapanga ya kijiji kwanza kila msimu. La sivyo, fyekeni kwa hayo mliyo nayo."

Nikajua nimejiharibia. Halafu sauti ikatoka nyuma, kwa wanawake. "Mpeni!" Alikuwa yule mama wa kule mtoni, naye alikuwa amehamishiwa kijiji hichohicho. Mwingine akasema, mpeni. Wanawake wote wakadakia, kisha wanaume waliokuwa wameshika mapanga yao butu.

Jioni ile vipande vikaletwa uani kwangu, na walioleta hawakunitazama usoni. Tairi nilizitafuta mwenyewe. Fundi mmoja wa reli akaifunga baiskeli upya na kuipaka mafuta. Nami, mtu mzima mwenye watoto, nikajifunza kupanda baiskeli inayosogea. Niliangukia kwenye mihogo ya watu mpaka wenye mihogo wakanihamishia uwanjani! Leo naitembelea njia ileile, Kilosa mpaka Mikumi, binti yangu mkubwa anakanyaga, mimi nanoa. Na kwa mila ileile, cha mwanamke hurithiwa na binti zake. Hapo mila naipenda.

Wapwa nao walikuja kwenye foleni na mapanga yao. Panga la yule wa mnyororo nililinoa vizuri kuliko yote. Msidhani ni upendo. Nilitaka kila akikata mti anikumbuke.

Namshukuru kaka yangu, hakuwahi kunifukuza. Namshukuru mkewe, na yule mdogo akiendelea kumwita mama, ni haki yake. Namshukuru mama wa Masanze, aliyenipa kazi kabla ya kunipa pole. Na ninyi nawaambia hivi: watakapokuja kugawana, lieni, lakini macho yawe wazi. Angalieni kile wanachokidharau. Kishikeni hicho.

Limebaki moja. Kengele haikurudi. Nikifika kwenye kona napiga kelele kwa mdomo, "Visu! Mapanga!" na sauti hii mnayoisikia imekwaruzika kwa sababu hiyo.

Aliyenayo ndiye niliyesema yumo humu. Mwaka huu naye amefiwa, na nimesikia ndugu wa mumewe wameibeba cherehani yake. Dada, sikutaji. Usinyanyuke kuniomba radhi mbele ya watu. Msamaha wangu kwako bado uko njiani, umefika mlimani, umeshuka unasukuma baiskeli. Siwezi kudanganya kwamba umeshafika.

Lakini cherehani ni yako. Kesho asubuhi nitapita mlangoni kwako, utakaa nyuma yangu kwenye keria, twende tukaidai. Uje na kengele. Nataka watusikie tungali mbali.