Taa Chumbani kwa Mama Giza

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho nawasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Giza.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akaanza shule mwaka 1973 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1983, hodari wa hesabu na mbishi kupita kiasi.

Tarehe 2 Februari 1985 aliajiriwa katika jumba la maua ya vyungu lisilo na dirisha hata moja, kazi yake ikiwa kuwasha na kuzima taa, kwani maua yale yakipata mwanga mrefu hutoa majani tu, na ili yatoe vitumba sharti yakae kwenye giza totoro saa kumi na nne kila siku, wiki baada ya wiki, na ole wake aliyefungua mlango ovyo, maana dada alikuwa na ulimi, hata meneja alitimuliwa mle ndani na sigara yake mkononi.

Tarehe 12 Septemba 1992 aliolewa na dereva wa lori la maua hayo, wakajaliwa binti mmoja. Kila chungu kiliondoka kikiwa na vitumba, na kwa miaka yote thelathini na sita dada hakuona hata kimoja kikichanua.

Tarehe 10 Januari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini, hospitali ikamrudisha nyumbani, naye akaagiza chungu kimoja, akawa anakifunika kwa boksi saa kumi na mbili jioni na kukifunua saa mbili asubuhi, akisema kitachanua wiki ya tisa na kwamba hana ombi jingine. Wiki ya pili nguvu zilimwishia, boksi nikaachiwa mimi. Dawa zilimlaza fofofo, pumzi zake zikinitia hofu, nikawa nawasha taa nimtazame, na mara nyingi boksi nililisahau, nikijipa moyo kwamba siku chache haziharibu kitu.

Tarehe 20 Machi alipapasa matawi moja moja, akakuta majani matupu, akauliza nani alikuwa akiwasha taa. Nilikuwa nimemshikia kikombe cha maji, nikamsogezea mdomoni. Alifariki kesho yake, saa tisa alasiri.

Ni mimi, dada.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza maumivu, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao wameniomba kile chungu wakajaribu tena, nikawaambia kimeshakufa.

Pumzika, dada yangu. Safari hii hakuna atakayewasha taa.